Wetherspoon mjini Dublin: baa ya bei nafuu katikati ya baa za kale

Mtu aliyezoea baa za kale za Dublin akiingia kwa mara ya kwanza Keavan's Port, katika Mtaa wa Camden, kinachomshtua ni ukubwa wa mahali, kabla hata hajaiona bei. Baa nyingi za jadi za mji huo ni nyembamba na ndefu kama ushoroba, zenye kaunta upande mmoja na ukuta upande wa pili, na katikati wanywaji wamesimama wakigusana mabega. Hapa safu ya nyumba za karne ya 18 imeunganishwa ikawa jengo moja, kukawekwa ua wa kukaa nje, na kanisa dogo ambamo watawa walikuwa wakisali likahifadhiwa pamoja na madirisha yake ya vioo vya rangi. Baada ya watawa kuondoka na kabla ya wenye baa kuingia, majengo hayo yaliwahi kuwa hosteli ya watu wasio na makazi. Kampuni ya J D Wetherspoon ilitumia takriban euro milioni 33 kuyafufua, ikaongeza hoteli ya vyumba 89, na ikafungua milango mwezi Agosti 2021.

Nimekusudia kuitathmini baa hii, na pamoja nayo ujio mzima wa kampuni hii katika mji wa Dublin, kwa sababu mazungumzo mengi juu yake huishia mahali pamoja. Wapo wanaoisifu kwa kuwa bia yake ni rahisi, na wapo wanaoichukia kwa sababu hiyohiyo, huku wakiongeza kwamba imetoka Uingereza. Pande zote mbili zinaitazama bei na kusahau kuuliza swali ambalo kwangu ndilo lenye uzito: ni kitu gani kimeondolewa ili bei ishuke, na je, kitu hicho ndicho mnywaji alichokuwa akikilipia katika baa ya kale?

Kwa wasioifahamu kampuni yenyewe, maneno machache yatatosha. Ilianzishwa mwaka 1979 na Tim Martin, mtu aliyekulia kwa sehemu Ireland ya Kaskazini na kwa sehemu New Zealand, alipoinunua baa moja huko Muswell Hill, kaskazini mwa London. Jina Wetherspoon alilitoa kwa mwalimu wake mmoja wa New Zealand ambaye hakuweza kulidhibiti darasa, na herufi za mbele akazichukua kwa mhusika wa kipindi cha televisheni cha Marekani. Mwaka 1992 kampuni iliingia katika soko la hisa la London, na leo ina baa zipatazo 800. Tabia yake inayojulikana kuliko zote ni kuyatwaa majengo makubwa ambayo yamekosa mwenyewe, yaani sinema zilizofungwa, benki, posta, makanisa na kumbi za maonyesho, na kuyageuza kuwa baa. Jumba la opera la Tunbridge Wells, lililojengwa mwaka 1902, sasa ni baa ya kampuni hii, na vivyo hivyo lile banda kubwa la ufukweni huko Ramsgate. Hata mazulia hufumwa kwa michoro tofauti kwa kila baa, ikichukuliwa kutoka historia ya jengo au ya mtaa husika. Yeyote anayesema kwamba Wetherspoon hujenga baa zinazofanana kila mahali hajawahi kutazama chini alipokuwa amesimama.

Katika Jamhuri ya Ireland kampuni iliingia mwezi Julai 2014, kwa kufungua Three Tun Tavern huko Blackrock, kitongoji cha pwani kusini mwa Dublin. Baada ya hapo ikafuata The Forty Foot huko Dún Laoghaire, iliyopewa jina la mahali maarufu pa kuogelea baharini palipo karibu. Ikumbukwe kwamba kufungua baa mpya Ireland si jambo la kukodi chumba na kupaka rangi. Tangu sheria ya mwaka 1902, leseni mpya ya baa haitolewi mpaka leseni nyingine ifutwe, na tangu mwaka 2000 leseni hiyo inayofutwa inaweza kununuliwa kutoka popote nchini. Maana yake ni kwamba baa ya kijijini iliyofungwa upande wa magharibi inaweza kuzaliwa upya mjini kwa sura nyingine kabisa, na kwamba kila mgeni anayeingia katika biashara hii analazimika kwanza kununua nafasi ya mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo wenye baa wa Dublin, ambao wana chama chao tangu mwaka 1817, hawakuwa wamezoea kuona mshindani mwenye mtaji mkubwa akiingia kwa nguvu.

Mtikisiko haukuchelewa. Mwezi Desemba 2014 kampuni ilikorofishana na Heineken juu ya kuipatia bia baa ya Dún Laoghaire, na matokeo yake Wetherspoon iliondoa bidhaa zote za Heineken katika baa zake zote, ambazo wakati huo zilikuwa zaidi ya 900 katika Uingereza na Ireland. Baa moja kando ya bahari ya Ireland ilitosha kuvunja biashara iliyodumu kwa miongo. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha waziwazi nguvu ya kampuni hii inakaa wapi. Mwenye baa moja katika Mtaa wa Poolbeg hawezi kumwambia mtengenezaji wa bia kwamba asipokubali bei yake basi aondoke. Atakayeondoka ni yeye. Kampuni yenye mamia ya baa inaweza kusema hivyo, na ilisema.

Hapo ndipo ilipo siri ya bei, na inafaa kuieleza vizuri kwa sababu kuna uvumi unaorudiwa kila mahali kwamba bia ya Wetherspoon ni rahisi kwa kuwa inakaribia kuharibika. Uvumi huo hauna msingi. Bia inayouzwa kwa wingi haikai kwenye pipa, na pipa linalokwisha upesi ndilo lenye bia mbichi kuliko yote. Katika jambo hili baa yenye watu wengi ina faida ambayo baa ya kimya haina, hata ikiwa na kaunta ya mahogani ya karne iliyopita. Bei inashuka kwa sababu kampuni hununua kwa wingi mno, kwa sababu haimilikiwi na kiwanda chochote cha bia na hivyo iko huru kununua kwa anayeuza vizuri, kwa sababu inamiliki sehemu kubwa ya majengo yake badala ya kuyakodi, na kwa sababu inakubali faida ndogo kwa kila painti ili iuze painti nyingi. Katikati ya Dublin, ambako painti ya bia nyeusi mara nyingi huzidi euro 6, na katika eneo la watalii la Temple Bar hupanda zaidi ya hapo, mtu akinywa painti tatu kwa Wetherspoon huondoka na akiba ya kuonekana. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini kwa upande wa kinywaji chenyewe methali hiyo haishiki hapa. Ni bia ileile ya viwanda vilevile, kwa kipimo kilekile cha mililita 568.

Kama bia ni ileile, basi tofauti yote imo katika mambo yanayoizunguka bia, na hayo ndiyo yanayohitaji kutazamwa polepole.

Baa ya kale ya Dublin ni baraza. Sina neno la Kiswahili linaloikaribia zaidi, kwa maana ya mahali ambapo watu hukaa kuangaliana, kupashana habari, kubishana na kunyamaza pamoja, na ambapo kinachonywewa ni ada ya kukaa kuliko lengo la kuja. Ukiingia The Long Hall katika Mtaa wa South Great George's, utakuta kaunta ndefu ya mbao nyeusi, vioo vikubwa vyenye fremu za kuchongwa, taa za kuning'inia na dari jekundu, vitu ambavyo vimekuwepo hapo tangu enzi za Malkia Victoria. Ukiingia Kehoe's katika Mtaa wa South Anne, utaona bado zile droo ndogo za mbao zilizokuwa zikiwekwa chai na viungo, kwa kuwa zamani baa nyingi za Dublin zilikuwa pia maduka ya vyakula, na mteja aliweza kununua sukari upande mmoja na wiski upande wa pili. Humohumo kuna kijichumba kidogo chenye mlango wake na kidirisha cha kupokelea kinywaji, ambamo zamani waliketi wanawake, na pengine padri au polisi, watu ambao hawakutaka au hawakuruhusiwa na desturi kuonekana wakinywa. Leo kijichumba hicho hugombewa na wote, na anayekipata hakiachi mapema.

Juu ya zote, kwa upande wangu, naweka baa ya John Kavanagh huko Glasnevin, inayojulikana kwa jina la utani la Wachimba Makaburi. Ilianza mwaka 1833, mwaka mmoja baada ya makaburi makubwa ya Glasnevin kufunguliwa ukutani pake, na imebaki mikononi mwa ukoo uleule hadi leo. Haina muziki, haina televisheni, na sakafu yake ni mbao tupu. Wachimba makaburi walikuwa wateja wake, na waombolezaji pia. Mtu anayeketi pale mchana wa siku ya kazi anaelewa bila kuelezwa kwamba baa inaweza kuwa mahali pa heshima, mahali pa kumkumbuka aliyezikwa asubuhi na kumuuliza jirani habari za mgonjwa wake.

Sasa, jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba Wetherspoon inakubaliana na baa hii juu ya muziki. Tangu zamani kampuni imekataa kupiga muziki katika baa zake nyingi, na televisheni zake, pale zinapokuwepo, mara nyingi hubaki kimya. Grogan's katika Mtaa wa South William, baa ya waandishi na wachoraji ambayo wenyeji huitaja kwa mapenzi makubwa, ina msimamo huohuo. Ni baa za katikati, zile zisizo za kale wala za bei nafuu, ndizo zilizoamua kwamba mteja hawezi kuvumilia sauti ya mwenzake bila ngoma nyuma yake. Sitaki kuidharau sababu ya kibiashara, kwa kuwa kampuni inaokoa pesa za haki za muziki na za matangazo ya michezo, lakini matokeo kwa mteja ni mema: mzee anasikia anachoambiwa, na wawili walioonana baada ya miaka kumi hawalazimiki kupigiana kelele.

Hata hivyo kimya cha Keavan's Port na kimya cha Glasnevin si kimya kimoja. Katika chumba kidogo kimya hukusanya watu; neno likisemwa kaunta linasikika mlangoni, na anayeingia ameshakuwa sehemu ya mazungumzo kabla hajaagiza. Katika jengo kubwa lenye kumbi nyingi kimya huwatenganisha. Kila meza inakuwa kisiwa. Mtu anaweza kuingia, kula, kunywa na kuondoka bila kuzungumza na mtu yeyote, na kwa watu fulani hiyo ni nafuu kubwa ambayo siwezi kuibeza. Mgeni ambaye hajui desturi, mwanamke aliye peke yake asiyetaka kusemeshwa, kijana ambaye bado anaona haya kuagiza, wote hao hupata hapa mlango ulio mpana kuliko ule wa baa ambayo watu ishirini hugeuka kumtazama anayeingia.

Kilichochangia zaidi utengano huo ni programu ya simu, ambayo kampuni ilianza kuitumia mwaka 2017. Mteja huketi, huandika namba ya meza yake, huchagua na kulipa, na kinywaji huletwa. Kama huduma, ni nzuri mno. Bei zote zimo wazi, hakuna anayerukwa katika foleni, na mwenye ulemavu wa miguu hahitaji kupambana na umati. Nikiipima kwa kipimo cha mgahawa, naipa alama za juu bila kusita.

Lakini baa ya Dublin haijasimama juu ya meza. Imesimama juu ya kaunta. Zamani mhudumu wa baa katika mji huu alikuwa fundi aliyeingia kazini akiwa kijana na kusomea kazi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa amehitimu. Anamwaga bia nyeusi mara mbili, kwanza robo tatu ya glasi, kisha anaiacha itulie mpaka povu lijitenge, ndipo anaijaza hadi juu. Na katika dakika hizo za kungoja ndipo mazungumzo huanza. Anajua nani amefiwa, nani amepata kazi, nani ametosha kwa leo na anapaswa kwenda nyumbani. Programu ya simu haiwezi kumwambia mtu kwa upole kwamba ametosha, na haitajua kwamba mzee wa kiti cha pembeni hajaonekana tangu Jumanne.

Tena kuna raundi. Wenyeji wakiwa wanne mezani, mmoja hununua kwa wote, kisha wa pili, mpaka mzunguko ukamilike, na anayeondoka kabla zamu yake haijafika hukumbukwa kwa muda mrefu. Desturi hii ndiyo inayowafunga watu pamoja, na bei ndiyo inayoivunja. Raundi ya watu wanne kwa zaidi ya euro 6 kila painti ni zaidi ya euro 24 kwa mkupuo mmoja, na mtu wa kipato cha kawaida akifikiria zamu yake huona heri abaki nyumbani. Hapa Wetherspoon inastahili sifa ambayo haipewi. Pale ambapo raundi inagharimu fedha ambayo mstaafu anaweza kuitoa bila kuhesabu sarafu, desturi ya kale inaendelea kuishi ndani ya jengo jipya. Nimewaona wazee wanne wakinywa kwa zamu katika meza ya Wetherspoon kwa utaratibu uleule ambao babu zao wangeutambua, na sikuona kilichopungua katika urafiki wao.

Niseme pia kisa kimoja kilichobadilisha fikra zangu. Jioni moja niliingia katika baa fulani ya katikati ya mji, ambayo sitaitaja, yenye mbao za kale ukutani, picha za wanamichezo wa zamani na maandishi ya dhahabu mlangoni. Nilisimama kaunta kwa muda mrefu huku wahudumu wawili wakizungumza wao kwa wao. Bia nyeusi niliyopewa ilimwagwa mara moja tu, ikasukumwa mbele yangu kabla haijatulia, na bei ilikuwa juu kuliko ya baa yoyote ya kale ninayoiheshimu. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba rafiki yangu alilazimika kuniandikia ujumbe katika simu ilhali tumekaa bega kwa bega. Nilipotoka nilijiuliza nimelipia nini. Sikupata mazungumzo, uangalizi wala utulivu. Nililipia mbao.

Tangu siku hiyo sioni tena kwamba Wetherspoon ni adui wa baa za kale. Kavanagh's haitapoteza mteja hata mmoja kwa sababu painti ni rahisi zaidi maili tatu kutoka pale, kwa kuwa anayekwenda Kavanagh's anafuata kitu ambacho hakiuzwi mahali pengine. Grogan's, ambayo mkate wake wa kuchomwa wenye jibini na nyama ndio karibu mlo wake wote, haishindani na jiko lenye menyu ya kurasa kadhaa. Anayeumbuliwa ni yule aliyeficha uvivu wake nyuma ya sura ya ukale. Alikuwa akitoza bei ya baraza na kutoa huduma ya kituo cha basi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mlango wa jirani ulitoza vilevile. Sasa upande wa pili wa barabara kuna mtu anayetoa kiti safi, glasi safi na bia ileile kwa fedha pungufu sana, naye analazimika kueleza tofauti inatoka wapi. Naamini hilo ni jambo jema kwa mji, na naamini wenye baa wazuri wanalijua ingawa hawatalisema hadharani.

Wanaohofia kwamba bia rahisi italeta ulevi wana hoja inayostahili kujibiwa kwa uzito. Ireland imelipigania jambo hili kwa sheria. Mwaka 2003 ilipiga marufuku punguzo la bei la saa maalumu katika baa, na tangu Januari 2022 imeweka bei ya chini kabisa ya kileo, senti 10 kwa kila gramu ya alkoholi, kwa kutekeleza sheria ya afya ya umma ya mwaka 2018. Lakini hesabu inaonyesha sheria hiyo inamlenga nani. Painti ya bia ya asilimia 4.2 ina alkoholi isiyofika gramu 19, kwa hiyo bei yake ya chini kisheria haifiki euro 2. Hakuna baa inayouza chini ya hapo, hata Wetherspoon. Kinachouzwa karibu na mstari huo ni makopo ya supamaketi, yanayonywewa sebuleni bila shahidi na bila saa ya kufunga. Mshindani wa kweli wa baa ya Dublin ni sebule hiyo, na mtu akichagua kunywa painti mbili za bei nafuu mbele za watu badala ya makopo manane peke yake, sioni kwamba mji umepata hasara.

Chakula sitakizungumzia sana. Ni cha kawaida, kinafanana kutoka baa moja hadi nyingine, kinakuja haraka na kwa bei ya chini, na asiyekitarajia kuwa zaidi ya hapo hatasikitika. Kahawa ni jambo jingine. Kwa miaka mingi kampuni imekuwa ikiuza kikombe kimoja na kumruhusu mteja kukijaza tena bila malipo, na baa hufunguliwa asubuhi kwa ajili ya kifungua kinywa, saa ambazo baa za kale bado zimefungwa. Kwa mtu anayehitaji mahali pa joto pa kusomea gazeti katika mji wenye mvua, hakuna huduma ya baa iliyo na ukarimu zaidi.

Dosari kubwa ninayoiona imo mahali pengine, nayo ni kwamba kampuni ya hisa huupenda mji kwa kadiri hesabu zinavyoruhusu. Three Tun Tavern, baa ileile iliyofunguliwa kwa shamrashamra mwaka 2014, haimo tena mikononi mwake. Jengo lilinunuliwa, likakarabatiwa, likapewa jina la kihistoria, wakazi wakazoea, kisha likauzwa. Sisemi kwamba kuna kosa katika kuuza. Kila mfanyabiashara huuza. Lakini anayeingia baa yenye jina la ukoo juu ya mlango anajua ni nani wa kumlalamikia, na anajua kwamba mtoto wa mwenye baa anasoma shule moja na watoto wa wateja. Jina Keavan's Port ni jina zuri, lililofufuliwa kutoka jina la kale la mtaa wenyewe, na nawapongeza waliolitafuta katika ramani. Bado ni jina la mtaa. Si la mtu anayeweza kusimama nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayezuru Dublin, au anayeishi huko na hajawahi kuvuka mlango wa baa hii kwa sababu ya msimamo, ni kwamba aende, na aende asubuhi. Achukue kahawa, atafute kanisa dogo wakati bado halijajaa, aketi chini ya vioo vya rangi mwanga ukiwa unapita, na aangalie kazi ya mafundi walioyaokoa majengo ambayo wengine waliyaacha yaoze. Akiwa na watoto, au akiwa na wageni wanne wenye mifuko tofauti, arudi mchana kwa chakula. Jioni ikikaribia, atoke nje na kufuata barabara hiyohiyo kuelekea kaskazini bila kukata kona: Mtaa wa Camden unakuwa Mtaa wa Wexford, Wexford unakuwa Aungier, na Aungier unakuwa South Great George's. Ni mwendo wa takriban robo saa. Hapo ataiona The Long Hall yenye uso mwekundu. Aingie, asubiri zamu yake kaunta, aagize painti moja tu ya bia nyeusi, na asiiguse mpaka mhudumu amalize kumimina mara ya pili.